Volti Mbili Zilizopotea Nyuma ya Kiti

Wadogo zangu, nimestaafu kazi ya kufunga redio za magari, na najua neno hilo linachekesha kwa mtu wa umri wangu. Shikamoo ninazopokea mpaka leo ni za watoto wa shule ya msingi, na hata hao wengine hunitazama mara mbili kabla ya kuitoa. Lakini sina neno jingine. Jumatatu naanza kufundisha umeme wa magari katika chuo cha ufundi hapa Morogoro, benchi langu pale Mwembesongo amekwishapewa mtu mwingine, na mita yangu iko ndani ya begi. Nikasema kabla sijasimama mbele yenu na chaki, niwaandikie haya ninayoyakumbuka, kwa sababu nikisimama mbele ya watu huwa nasahau nusu.

Nimeyaandika kichwani mara nyingi kabla ya leo. Kwanza nilihofia mtasema, huyu naye ana nini cha kutufundisha. Nikajibu hoja hiyo. Kisha nikahofia mtakubali kila nitakalosema bila kuuliza, na hiyo niliiona mbaya zaidi. Ndivyo nilivyo. Nilimaliza shahada ya uhandisi wa umeme nikiwa bado naogopa kupiga simu dukani kuuliza kama wana fyuzi. Nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno, halafu muuzaji akipokea nakata.

Gereji nilifika kwa njia ya ajabu kidogo. Fundi Kibwana alikuwa anafunga redio kwenye gari la mjomba wangu, nami nimesimama pembeni. Nikamuuliza swali, akajibu. Nikauliza la pili, akajibu. Nikaendelea. Mwisho akatoa kichwa chini ya dashibodi, akaniambia, "Binti, ama uje tufanye kazi, ama uniache nimalize." Kesho yake asubuhi nilikuwa pale kabla hajafungua kufuli.

Fundi Kibwana ni mtu wa utani, mnene, mwenye mikono midogo inayoingia popote. Aliniita Injinia tangu siku ya kwanza. Nilitumia wiki kadhaa kujiuliza kama ni heshima au ni kejeli, mpaka nikagundua kwamba anamwita hivyo hivyo paka wa gereji.

Sasa kuhusu volti ndogo, maana ndiyo iliyokula miaka yangu mingi pale. Redio iliyokufa kabisa haijawahi kuninyima usingizi. Fyuzi imeungua, waya umekatika, au redio yenyewe imefika mwisho wake, unatafuta, unakuta. Redio inayonitesa ni ile inayozima na kuwaka yenyewe. Gari likiwa limezimwa, betri nzima ina volti kumi na mbili na kidogo. Injini ikiunguruma zinapanda kukaribia kumi na nne. Redio nyingi huvumilia zikishuka mpaka kumi hivi. Zikipita hapo chini, redio inajizima kujilinda, mzigo unapungua, volti zinarudi, redio inawaka tena, inaanza kupiga, inazima. Mteja atakuja akuambie redio ina shetani. Msibishane naye. Muulizeni shetani huyo anakuja saa ngapi, na gari linakuwa linafanya nini.

Swali hilo nililijua mapema, ila mwanzoni nilikuwa napokea jibu lake na kukimbia nalo mbali mno. Alikuja dereva mmoja wa lori kutoka Kisaki, akasema redio yake huzima kila anapofika karibu na reli. Nikasisimka. Nikawaza mawimbi ya sumaku, nikawaza nyaya za mawasiliano ya stesheni, nikamchorea Fundi Kibwana mchoro kwenye vumbi kwa bisibisi. Dereva alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Dada, pale kwenye reli kuna mtikisiko mkubwa. Hata meno yangu yanagongana." Kiota cha fyuzi kilikuwa kimelegea. Nilikibana kwa koleo, akaondoka. Ule mchoro Fundi Kibwana aliuzungushia mawe ili magari yasiukanyage, na uliendelea kuwepo mpaka mvua ilipokuja.

Nawaeleza hayo ili mkifika kwa Mama Chanjo mjue nilikuwa mtu wa namna gani.

Jina lake Bi Mwanahawa, ila mjini na milimani wote humwita Mama Chanjo, kwa kuwa kazi yake ni kuchanja kuku. Anaendesha mwenyewe kirikuu chake cha zamani, kipikapu kidogo, anapanda nacho vijiji vya Uluguru njia ya Matombo na kwingineko, ana kiboksi cha barafu chenye dawa, na juu ya paa ana spika mbili za matangazo. Ndani kuna amplifaya na redio ya kawaida ya gari. Tangazo lake amelirekodi kwenye flashi, kwa sauti yake mwenyewe, taratibu, kama mtu anayesoma barua kwa bibi yake.

Hizo spika si mapambo. Kule juu nyumba hazikukaa pamoja. Moja iko huku mteremkoni, nyingine ng'ambo ya korongo, na kutembea kutoka hii kwenda ile ni safari. Lakini sauti inavuka. Mama Chanjo huegesha mgongoni mwa mlima jioni, siku moja kabla ya chanjo, na kuwaambia watu jambo moja tu: kesho asubuhi msiwafungulie kuku. Mkishamfungulia kuku wa kienyeji alfajiri, kumkamata tena ni mbio za kutwa nzima ndani ya migomba. Wakiwa bado ndani, unawapa tone moja la dawa jichoni, mmoja baada ya mwingine, na saa nne umemaliza. Kazi yake yote, basi, inategemea tangazo la jioni.

Siku hiyo aliingia gereji hajatoa hata ufunguo kwenye gari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Redio yenu imeniaibisha."

"Imefanyaje?"

"Imesema, 'Ndugu wananchi, kesho asubuhi,' ikanyamaza. Ikarudi. 'Ndugu wananchi, kesho asubuhi.' Ikanyamaza. Jioni nzima. Kijiji kizima kimelala kinajiuliza kesho asubuhi kuna nini."

Fundi Kibwana akaweka chini kikombe cha chai. "Na asubuhi kukawa na nini?"

"Kukawa na watu waliovaa vizuri. Walidhani ni mkutano wa hadhara. Mzee mmoja amekuja na kiti chake kutoka nyumbani, amekaa mbele kabisa. Na kuku wote wako migombani wanachakura."

Tulicheka, naye akacheka, halafu akaacha. Kideri kilikuwa kimeingia kijiji cha ng'ambo ya bonde. Mnakijua kideri: leo kuku amejikunyata, kesho banda zima. Chanjo inamlinda kuku mzima, haimponyi aliyeugua. Kwa akina mama wa kule, kuku ndiye daftari na sare za shule, ndiye kitoweo mgeni akifika ghafla. Mwenyekiti wa kijiji alimpa Mama Chanjo nafasi nyingine, atangaze Ijumaa jioni, achanje Jumamosi. Lakini alimwambia wazi kwamba watu wakitolewa nje bure kwa mara ya pili, asirudi tena na spika zake, maana hakuna atakayezisikiliza.

"Kwa hiyo Ijumaa," akasema, "ama iseme yote, ama nisiende."

Hapa inabidi niwaeleze desturi ya gereji yetu. Mkono wa kulia tumepakana na madrasa, mkono wa kushoto yuko Mama Tausi anayeshona nguo na kuumwa kichwa. Kwa heshima ya majirani hao, kwetu redio zilijaribiwa kwa sauti ndogo, kiasi cha aliyekaa ndani ya gari kusikia. Tuliisifia sana desturi hiyo. Wateja walisema gereji ya watu wastaarabu.

Basi tukaijaribu redio ya Mama Chanjo kistaarabu. Fundi Kibwana alichukua taa yake ya kupimia, balbu ndogo yenye nyaya mbili, akaigusisha nyuma ya redio. Ikawaka. Jua lilikuwa kali, hatukuweza kujua kama imewaka vizuri au imewaka kwa shida, lakini imewaka. Mimi nikaweka mita. Kumi na mbili nukta sita. Tukapiga tangazo kwa sauti ya kunong'ona, likasema lote mpaka mwisho, mara kadhaa. Fundi Kibwana akashuku betri, tukaweka nyingine. Mimi nikashuku flashi, kisha baridi ya mlimani, kisha ukungu, kisha mwinuko kutoka usawa wa bahari. Nilifika hadi kusoma kama hewa nyepesi inaathiri amplifaya. Tukamrudishia gari, naye jioni ile ile, akirudi kwake Bigwa, akafungua sauti yote barabarani.

"Ndugu wananchi," ikasema redio, "kesho asubuhi."

Ijumaa asubuhi alikuwa tena mlangoni, ameshika usukani kwa mikono miwili. Nilimwambia nitaenda naye. Maneno yalitoka kabla sijayafanyia mazoezi. Fundi Kibwana alinitazama, akanipa spana, msasa na tepu, akasema, "Nenda, Injinia. Ukibaki hapa utaniuliza maswali mpaka Jumapili."

Njiani redio ilipiga vizuri muda wote. Jua liko juu, gari linakimbia, tangazo linasema lote, sauti imefunguka mpaka mbuzi wanapisha. Nikasema labda betri mpya ndiyo imemaliza kazi.

"Mwanangu," akasema Mama Chanjo bila kuondoa macho barabarani, "hata wiki iliyopita mchana ilipiga hivi hivi."

Nikajisemea: Mchana inapiga, jioni haipigi. Niliigeuza sentensi hiyo kutoka Matombo mpaka barabara ilipoanza kupanda kwa kujikunja. Nikafikiria joto, nikafikiria popo. Ukungu ukashuka. Mama Chanjo akawasha taa, akawasha waipa, akapunguza mwendo mpaka tukawa tunatambaa, na feni ya kioo ikaanza kuvuma. Nilikuwa natazama haya yote kama abiria. Tulifika mgongoni mwa mlima, akaegesha injini ikiwa inaunguruma polepole, taa zinamulika migomba, akafungua sauti mpaka mwisho.

"Ndugu wananchi, kesho asubuhi."

Kimya. Taa ya redio ikazima, ikawaka.

"Ndugu wananchi, kesho asubuhi."

Kutoka ng'ambo ya korongo, mtu tusiyemwona akapaza sauti, "Kesho asubuhi kuna nini, Mama Chanjo? Leo tuambie kabisa!" Na vicheko vikafuata kutoka sehemu mbalimbali za giza lile jepesi la jioni, huku na kule, kila nyumba na chake.

Mama Chanjo akanyoosha mkono azime.

"Usizime, mama," nikasema. "Niache nipime ikiwa inapiga."

Wadogo zangu, nataka mlishike hili hata mkisahau mengine yote. Mpaka jioni ile sikuwahi kupima redio hiyo ikiwa kazini. Nilikuwa nimeipima ikinong'ona, mchana, taa zimezimwa, gari limetulia. Waya mbovu usiobeba kitu huonyesha volti zote, kwa sababu hakuna umeme mwingi unaopita kuzipoteza. Upe mzigo ndipo usome.

Nikaanza kwenye betri, tangazo likikatika na kurudi. Kumi na mbili na ushei, haikutetereka. Kumbe kwa mwendo ule wa kuunguruma, na taa, waipa na feni vyote vinakula, alteneta, inayochaji betri, haikuwa na ziada ya kutoa. Mchana, gari likikimbia, tungekuwa karibu na kumi na nne. Nikapeleka mita nyuma ya redio. Kila neno la Mama Chanjo lilipotoka kwenye spika, namba ilidondoka chini ya kumi. Kati ya betri na redio, zaidi ya volti mbili zilikuwa zinaishia njiani. Mchana zilipotea hizo hizo, ila mchana tulikuwa nazo za kupoteza.

Njia za umeme ni mbili tu, ya kwenda na ya kurudi. Niliweka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya redio, waya ule ule mwanzo na mwisho wake. Ukiwa mzima, mita husoma karibu na sufuri. Ikasoma kidogo sana. Nikahamia hasi. Ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya wa ethi, ule wa kurudi, wa redio na amplifaya.

"Ndugu wananchi," zikasema spika.

Mbili nukta nne.

Niliufuata waya huo kwa vidole. Ulipita chini ya zulia, ukapanda nyuma ya kiti, ukaishia kwenye bolti moja iliyofungwa kwenye bodi ya gari. Redio na amplifaya zote mbili zilikuwa zinategemea bolti hiyo kurudisha umeme kwenye betri kupitia bodi. Nikamulika kwa simu. Bodi ilikuwa ya bluu, inang'aa. Bolti ilikuwa imekazwa juu ya rangi.

"Mama, gari ulilipaka rangi lini?"

"Baada ya Idi. Si limependeza?"

"Limependeza sana."

Rangi haipitishi umeme. Bolti ilikuwa inagusa chuma kwa meno yake mawili matatu tu, na hapo ndipo sauti yote ya Mama Chanjo ilipokuwa inabanwa. Nilifungua bolti, nikaanza kusugua rangi kwa msasa. Nikaangusha spana chini ya kiti, nikaipapasa mpaka nikaipata. Kichwani nilikuwa nimeshaanza: na kama si hii, na kama ni amplifaya, na kama nimesoma mita vibaya. Ng'ambo ya korongo taa za nyumba moja zilikuwa zimeshazimwa.

"Unaongea nini?" akauliza Mama Chanjo.

Sikujua kama nilikuwa naongea. Nikamwambia naorodhesha mengine yanayoweza kuwa mabovu.

Akachukua simu yangu, akanimulikia yeye. "Orodhesha," akasema, "lakini mkono usisimame."

Ushauri huo natembea nao mpaka leo. Sijawahi kuacha kuorodhesha. Nilichojifunza ni kusugua huku naorodhesha. Chuma kilipotokea cheupe, upana wa kucha ya dole gumba, nikakaza bolti mpaka spana ikagoma. Nikapima tena. Sufuri nukta moja.

Mama Chanjo akaweka simu chini. Akabonyeza.

"Ndugu wananchi, kesho asubuhi," zikasema spika, na sote wawili tukashika pumzi, "msiwafungulie kuku wenu. Chanjo ya kideri itapita nyumba kwa nyumba. Wabakizeni ndani mpaka nifike. Ni mimi, Mwanahawa. Asanteni sana."

Sauti ikaenda, ikagonga mlima wa pili, ikarudi. Kisha yule yule wa ng'ambo: "Kumbe ni kuku!" Na mwanamke mwingine, mbali zaidi, kutoka chini kabisa: "Rudia, sisi wa huku hatukusikia mwanzo!" Mama Chanjo akarudia mpaka sauti ya yule mwanamke ikasema basi, mama, tumeelewa.

Niliporudi mjini nilimweleza Fundi Kibwana yote. Akaweka bisibisi chini, akasema, "Kwa hiyo ustaarabu wetu ndio uliotuponza." Tangu hapo gari lenye shida ya volti tunalipeleka kwenye uwanja wa mpira jioni, tunawasha taa, waipa na feni, tunafungua sauti yote, ndipo tunaweka mita, kwanza upande wa chanya, kisha upande wa hasi. Mama Tausi anaendelea na nguo zake. Taa ya Fundi Kibwana bado ipo, nayo ina kazi yake: hunionyesha haraka palipo na umeme na pasipo nao. Kiasi chake naiuliza mita. Na gari likitoka kupakwa rangi, mimi sigusi kitu kabla sijaona bolti za ethi. Jumatatu nitawapeleka uwanjani ninyi pia. Njooni na magari ya wajomba zenu.

Lakini mlikuwa mnataka kujua ya asubuhi.

Tulilala kwa dada yake Mama Chanjo. Niliamka mapema kuliko wote, nikatoka nje, nikasimama. Kuna kitu kilikosekana na sikujua ni nini. Vijia vilikuwa vitupu, chini ya migomba hapakuwa na kinachochakura, uani hapakuwa na hata kifaranga. Kisha jogoo akawika, sauti imezibwa, kutoka ndani ya nyumba. Akajibiwa na mwingine ndani ya nyumba ya juu. Halafu mteremko wote ukawika, ng'ambo na huku, milango yote ikiwa imefungwa.

Nyumba ya kwanza tuliyoifikia ilikuwa ya yule mzee wa mkutano wa hadhara. Alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti chake, jogoo amempakata, amemshika miguu kwa mkono mmoja.

"Safari hii sikutoka," akasema. "Nimewasubiri hapa hapa."

Mama Chanjo akainama, akamgeuza jogoo kichwa, akaweka tone.